Mtoto wa Mbwa Aliyeokotwa Wakati wa Kipupwe: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Upepo wa kusi unapokaza mnamo Juni, familia nyingi za Mombasa hufunga madirisha ya upande wa bahari, nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka, na watoto hurudi nyumbani na kijibwa walichokiokota mtaroni au chini ya gari bovu. Kijibwa huwa kimelowa na kinatetemeka, na kila aliyepo hutoa jibu lile lile: ni baridi. Baridi husingiziwa mengi. Kati ya Juni na Agosti joto la Mombasa hushuka usiku hadi nyuzi 20 au 21 hivi za Selsiasi na kupanda mchana hadi 27 au 28. Hiyo ni baridi kwa mtu aliyezoea jua la Februari, lakini mbwa aliyepita umri wa mwezi mmoja, aliyeshiba na mwenye manyoya makavu, haimsumbui. Anayemfunika blanketi mnyama anayetetemeka na kuliacha jambo hapo huenda anafunika njaa, minyoo, homa au ugonjwa wa matumbo, na saa za kumwokoa zinapita huku nyumba nzima imeridhika.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo anayoiona mwenye nyumba. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na ile inayopatikana mara nyingi.

Mambo matatu ya kupima kwanza

La kwanza ni umri, nao husomeka mdomoni. Macho ya mtoto wa mbwa hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Meno ya mbele na chonge za utotoni huanza kuchomoza wiki ya 3 au ya 4. Na afikapo wiki 8 huwa na meno yote 28 ya utotoni, membamba na yenye ncha kali. Ukikuta meno ya mbele yameanza kung'oka na mapana yanaota mahali pake, ana takriban miezi 4. Umri huamua mengi. Aliye chini ya wiki 4 hawezi kutunza joto la mwili wake mwenyewe, na kwake yeye baridi ya kipupwe ni hatari ya kweli. Aliye chini ya wiki 3 hawezi hata kukojoa mpaka asuguliwe taratibu kwa pamba yenye maji vuguvugu, kama mama yake anavyomlamba.

La pili ni ufizi. Inua mdomo wa juu utazame. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi na unyevunyevu, na ukiubonyeza kwa kidole hugeuka mweupe kisha rangi yake hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe maana yake ni upungufu wa damu au mshtuko wa mwili, yaani damu haizunguki vizuri, ufizi mkavu unaonata ni dalili ya kupungukiwa na maji, na ufizi wa manjano huenda unaonyesha ini limeguswa. Kwa mbwa mwenye ufizi mweusi wa asili, vuta ukope wa chini utazame ndani yake.

La tatu ni joto la mwili. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha: kipakwe mafuta ya mgando, kiingizwe taratibu mkunduni kiasi cha sentimita 1 au 2, kisha kiwekewe alama kisije kikatumiwa tena na binadamu. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Kushika pua kuona kama ni ya baridi au ya moto, ambako wengi hukuamini, hakusemi lolote la kutegemewa.

Anatetemeka

Akiwa amelowa, hilo lishughulikiwe kabla ya kufikiria jingine, kwa sababu manyoya yenye maji yakipigwa na upepo wa kusi huupora mwili joto hata kama hewa yenyewe si baridi sana. Mkaushe kwa taulo mpaka kwenye ngozi. Usimwogeshe usiku huo, hata akinuka. Harufu itangoja mchana wa jua. Mlaze ndani ya boksi la kadibodi lililotandikwa gunia na sweta kuukuu (mitumba ya Kongowea haikosi sweta ambazo hakuna anayezitaka), mbali na sakafu tupu ya saruji au vigae. Jaza maji ya moto kiasi kwenye chupa ya plastiki, ifunge vizuri, izungushie leso, kisha iweke upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea na kuikimbia apendavyo. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa ajili yake wala kwa ajili ya watoto wa nyumba. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua walio usingizini.

Kipimo kikionyesha chini ya nyuzi 36, mpashe joto polepole kwanza na usimpe chakula mpaka joto lipande, kwa sababu matumbo ya kijibwa kilichopoa hayafanyi kazi: chakula hukaa humo bila kusagika, na akilishwa kwa nguvu huenda kikamwingia mapafuni.

Akiwa mkavu na bado anatetemeka, ni mlegevu na anayumba anaposimama, fikiria upungufu wa sukari mwilini, ambao huwapata haraka watoto wadogo waliokosa mlo. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo. Akichangamka baada ya dakika chache, mpe chakula laini mara moja na uendelee kumlisha mara kwa mara usiku huo. Asipobadilika, tatizo si sukari peke yake.

Kipimo kikizidi 39.5 ni homa, na kutetemeka kwake ni sawa na kwa mtu mwenye malaria anayejifunika shuka huku mwili unachemka. Usimpe panado, ibuprofeni wala diklofenaki iliyobaki kabatini, kwani dawa hizo zinaweza kuharibu ini, figo au tumbo la mbwa kwa kiasi ambacho mtu angekiona kidogo mno. Homa ya zaidi ya nyuzi 40 ni ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Hofu nayo hutetemesha. Utaijua kwa kuwa hukoma anapoachwa peke yake na hurudi anaposhikwa, na kwa kuwa hula vizuri pindi watu wanapoondoka. Tiba yake ni utulivu na muda, pamoja na kuwazuia watoto wa jirani wasipange foleni kumtazama. Tofauti na hiyo ni mtikisiko wa msuli mmoja unaorudia rudia hata akiwa amelala, au taya linalotafuna hewa, hasa baada ya siku kadhaa za matongo na makamasi mazito: huo unaelekea kuwa ugonjwa wa distempa, unaoambukiza mbwa wengine kwa hewa na kushambulia ubongo. Mtenge na mbwa wote, kisha utafute daktari.

Anaharisha au anatapika

Katika nyumba nyingi sababu ya kwanza huwa kikombe cha maziwa. Mtu huona kichanga, huchukua maziwa ya ng'ombe, na baada ya saa chache sakafu imechafuka. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, nyingi kuliko ya mama mbwa, na matumbo ya kijibwa hayaiwezi. Yaache. Kijibwa cha zaidi ya wiki 4 kipewe wali laini uliopondwa pamoja na kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu na bila mifupa, kidogo kidogo mara 4 hadi 6 kwa siku. Ikiwa anacheza, anakunywa maji na ufizi una rangi nzuri, hali hii hutulia ndani ya siku moja. Usimfungishe njaa siku nzima kama wanavyofanyiwa mbwa wakubwa, kwa kuwa akiba yake ya sukari ni ndogo. Baadaye ugali pekee hautamkuza: uchanganye na dagaa waliochemshwa, yai au matumbo.

Kinyesi chenye ute au nyuzi nyeupe kinaelekeza kwa minyoo, itakayozungumzwa hapa chini.

Sababu inayotisha ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo. Mtoto ambaye hajachanjwa huanza kwa kukataa chakula na kulala, kisha hutapika hata maji, na baadaye huharisha choo chembamba chenye damu na harufu kali isiyosahaulika. Anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu tangu dalili zianze. Kinachomuua hasa ni kupoteza maji na bakteria wanaopenya ukuta wa utumbo ulioharibika. Kwa sababu hiyo matibabu ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki, na nafasi ya kupona huongezeka sana akifikishwa mapema. Damu kwenye choo, kutapika kusikokoma, ufizi mweupe au mwili kulegea ni sababu za kwenda kwa daktari wakati huo huo, si kesho baada ya kazi. Maji ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) yanaweza kumsaidia njiani, kijiko kimoja kimoja, ikiwa hayatapiki; akiyatapika, acha. Wanaovuka na feri kutoka Likoni saa za msongamano wauhesabu muda huo wanapoamua kuondoka.

Virusi vya parvo haviondoki pamoja na mgonjwa. Huweza kukaa kwenye udongo, nyufa za sakafu na nyayo za viatu kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Katika nyumba za Kiswahili za Majengo, ambako wapangaji wa vyumba kadhaa hutumia ua mmoja, ndara za mpangaji mmoja zinatosha kuvisambaza. Osha kwanza uchafu wote kwa sabuni na maji, suuza, kisha mwaga jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji na uiache sakafu ikiwa imelowa kwa dakika 10. Usimwage jiki juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwa sababu ikikutana na amonia hutoa mvuke unaochoma mapafu. Na kama katika ua huo alikufa mbwa kwa kuharisha damu mnamo mwaka uliopita, usilete hapo mtoto mwingine kabla hajakamilisha chanjo. Chanjo hizo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi, ingawa wengi huishia hapo.

Baada ya mvua za masika, maji yaliyotuama na panya wanaokimbilia majumbani huleta pia homa ya panya (leptospirosisi). Kutapika pamoja na macho au ufizi wa manjano kunapaswa kukupa shaka hiyo. Ugonjwa huu hupita kwa mkojo na huwapata watu, kwa hiyo vaa glavu unaposafisha na uwaweke watoto mbali.

Tumbo limejaa, mbavu zinahesabika

Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la mviringo na mgongo wa mifupa hajashiba, ana minyoo. Minyoo mikubwa ya duara humwingia akiwa bado tumboni mwa mama na kupitia maziwa yake, ndiyo maana kila kijibwa kilichookotwa huchukuliwa kuwa nayo hata kama haionekani. Ratiba ya kawaida ni dawa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Aliyeokotwa na ambaye historia yake haijulikani hupewa siku za mwanzo anapokuwa ametulia, kisha hurudiwa baada ya wiki 2. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mpime: panda mizani naye, kisha panda bila yeye, utoe tofauti. Mizani ya dukani ni sahihi zaidi kwa kilo moja au mbili, ila usishangae mwenye duka akikataa. Kuona minyoo hai kwenye choo siku inayofuata si ajabu wala si madhara ya dawa.

Minyoo ya safura ni midogo lakini hatari zaidi, kwa sababu hunyonya damu. Ufizi mweupe, udhaifu na kinyesi cheusi kinachonata ndiyo dalili zake. Hapa kipupwe kina mchango wake, na si kwa baridi: viluwiluwi vya safura huhitaji mchanga wenye unyevu na kivuli, navyo hufa kwa jua kali na ukavu. Ua wa mchanga chini ya mwembe, uliolowa wiki nzima, ni makazi yao bora. Mtu akipita miguu mitupu humwingia ngozini na kuchora mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha, hasa kwenye nyayo za watoto. Okota kinyesi kila siku, kabla viluwiluwi havijakomaa, watoto wavae ndara uani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto aliyekwisha kuchorwa mstari huo apelekwe zahanati, kwani dawa yake ipo.

Anajikuna

Chana manyoya ya kiunoni juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zinazoanguka na kuacha doa jekundu ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokauka. Viroboto wengi juu ya kijibwa kidogo huweza kummaliza damu, hivyo usiwaone ni kero tu. Idadi kubwa ya mayai na viluwiluwi haiko mwilini mwake. Iko kwenye gunia, mkeka na nyufa, na matandiko yasipofuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, utaogesha mbwa kila wiki bila mafanikio. Siku zisizo na jua, piga pasi.

Kuhusu dawa, msimamo wangu ni mkali. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, inayopimwa kwa kizibo na kutiwa kwenye ndoo, imeshawadhuru vijibwa wengi: hulegea, hupoa mwili na mapigo ya moyo hupungua. Oili chafu ya gari, inayopakwa kwa imani kwamba inaponya upele, ni sumu inayopita kwenye ngozi na inayolambwa. Dawa yenye permethrini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa inaweza kumuua paka wa nyumbani anayelala karibu naye. Nunua iliyoandikwa umri na uzito wa mtoto wa mbwa, au umuulize daktari.

Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuishi na kuzaliana ndani ya nyumba, akapanda ukuta na kujificha kwenye fremu za milango. Mvute kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, bila kumpaka mafuta ya taa. Kijibwa aliyekuwa na kupe, kisha akapata homa, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya kahawia au damu puani, apimwe damu.

Kujikuna kusikokoma, magamba kwenye ncha za masikio na viwiko, pamoja na watu wa nyumbani kuanza kuwashwa mikononi, ni upele wa utitiri. Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yasiyowasha sana, huenda ni choa, nayo huambukiza watoto.

Uvimbe unaofanana na jipu lakini wenye kitundu katikati, na kitu kinachosogea ndani yake, ni buu. Nzi wake hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini ulionuka mkojo na kwenye nguo zinazochelewa kukauka, na buu akitoka kwenye yai huzama ngozini mwa mbwa au mtu atakayeigusa. Katika msimu ambao nguo hubaki mbichi kambani, mbwa mwenye mabuu na mtoto mchanga mwenye kijipu mgongoni huenda wamepata kutoka chanzo kimoja. Funika kitundu kwa mafuta ya mgando, ngoja buu akose hewa na ajitokeze, kisha umtoe mzima kwa kubana pande zote mbili. Piga pasi ya moto nguo zote, pindo kwa pindo, nepi za kitambaa zikiwa za kwanza.

Analia usiku kucha

Huyu amezoea kulala amejibana na ndugu zake, na ghafla yuko peke yake gizani. Kwanza hakikisha hana njaa, hajalowa na hahitaji kukojoa. Baada ya hapo kilio ni upweke. Weka boksi lake mahali atakaposikia pumzi za watu, hata ikiwa ni nje ya mlango wa chumba, pamoja na ile chupa ya maji ya vuguvugu na kitambaa kilichovaliwa na mtu anayemlisha. Familia huhofia kwamba kumjali usiku kutamdekeza, lakini kwa umri huu kumwacha apige kelele mpaka achoke humfundisha hofu tu, na huwafundisha majirani kuja kugonga mlango. Kilio cha ghafla chenye maumivu, akiwa amejikunja na tumbo gumu, si upweke.

Anakojoa ndani

Mtoto wa miezi 2 huweza kujizuia kwa saa 3 hivi, na pungufu ya hapo anapokuwa macho na anacheza. Mpeleke nje kila anapoamka, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza, mahali pale pale, na umsifu papo hapo akimaliza. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi lolote isipokuwa kujificha. Tatizo la kipupwe ni kwamba wengi hawataki kukanyaga mchanga uliolowa wakati wa manyunyu: basi tenga kona iliyoezekwa kibarazani, au karai pana lenye mchanga mkavu kwenye roshani ya ghorofani, upate pa kumpeleka hali yoyote. Akikojoa mara nyingi mno, matone matone, au mkojo una damu, hilo ni kibofu, wala si tabia.

Wa nyumbani wanakohoa tangu alipokuja

Inawezekana ni mba na mate ya mbwa, hasa kwa mwenye pumu. Hata hivyo chunguza yaliyobadilika pamoja na ujio wake: madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo, nguo zinakaushwa ndani, ukungu mweusi umeota nyuma ya kabati, na dawa ya mbu ya kuchoma huwashwa chumba kikiwa kimefungwa. Mtoe mbwa chumba cha kulala, fungua dirisha la upande usiopigwa na kusi, ufute ukungu na uweke chandarua badala ya moshi. Kikohozi kikipungua mbwa akiwa bado nyumbani, umeshapata jibu. Chandarua au wavu wa dirishani humsaidia naye pia, kwani mbu hueneza minyoo ya moyo kwa mbwa.

Mzee wa nyumba au jirani hamtaki

Katika Mombasa hili si jambo dogo, na kulipuuza ndiko kunakowafanya vijibwa warudishwe mtaroni wiki ya pili. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito: chombo au nguo iliyoguswa na mate yake, au na mwili wake uliolowa, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakati huo huo, kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kumeruhusiwa, na kumnywesha mbwa mwenye kiu kumesifiwa katika hadithi za Mtume. Kwa hiyo mgogoro mara nyingi si juu ya kuwepo kwa mbwa bali juu ya mahali alipo. Mtengee banda kavu lililoinuliwa kutoka ardhini, limegeuziwa kusi mgongo, mbali na njia ya kwenda msikitini na mbali na kamba ya nguo za jirani. Sufuria na ndoo yake ziwe na alama na zioshwe kwenye mfereji wake. Asiachwe kuzunguka akiwa amelowa. Nenda ukamweleze jirani kabla hajalalamika, na umsalimie mzee kwa shikamoo kabla ya kutaja mbwa.

Anang'ata

Kung'ata mikono na pindo za leso anapocheza ni kawaida kwa mtoto wa mbwa, na huzidi meno yanapobadilika kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Simamisha mchezo, geuka, mpe kitambaa kilichofungwa fundo atafune. Kung'ata anapokula kunatokana na kupigania chakula mitaani. Mlishe peke yake na watoto wasimsogelee.

Hata hivyo, jino la mbwa asiyejulikana atokako lisichukuliwe kuwa mchezo pale linapotoboa ngozi. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na Kenya ina mpango wa kukimaliza kwa binadamu uliowekewa miaka ya 2014 hadi 2030. Vijibwa nao hukipata. Jeraha, hata mkwaruzo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, bila kupakwa majivu, pilipili wala mafuta, kisha mtu aende hospitali siku hiyo kuanza chanjo. Dalili za ugonjwa zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo. Mbwa afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo; asiuawe wala kufukuzwa, kwa sababu akibaki mzima katika siku hizo, inajulikana kwamba hakuwa akitoa virusi alipong'ata. Kijibwa kinachotokwa na udenda, kinachoshindwa kumeza, kilichobadilika sauti au kinachoburuta miguu ya nyuma kisifunguliwe mdomo kwa mkono kutafutwa mfupa uliokwama.

Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi 3 na hurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Kadi yake ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto wa nyumba, na atakayeng'atwa aende nayo hospitalini.